Blanketi la viraka: tuanze katikati au pembeni?

Katika vikundi vingi vya ushonaji ninavyovitembelea, swali la kwanza huwa ni lilelile: "Mwalimu, mchoro tutaupata wapi?" Akina mama wanayo mabaki ya vitambaa, gunia zima, pengine mawili, waliyoyakusanya kwa mafundi cherehani. Wanazo sindano na nyuzi. Wanachokingoja ni karatasi yenye mchoro ili waufuate.

Miaka kadhaa iliyopita niliwapa karatasi hiyo akina mama wa kikundi cha kanisani kwetu. Nilichukua daftari la hesabu la mwanangu, nikachora miraba 8 kwa upana na 12 kwa urefu, kila mraba sentimita 15. Tukakata vipande 96. Kwa hesabu yangu blanketi lingekuwa sentimita 120 kwa 180. Tulishona kwa wiki tatu. Lilipokamilika lilikuwa sentimita 106 kwa 158, kwa sababu nilisahau kwamba mshono unakula sentimita moja kila upande wa kipande. Mtu mzima akilivuta mabegani, miguu inabaki nje. Siku hizi linafunikia cherehani.

Kosa la hesabu ni langu, na ni rahisi kulirekebisha. Lililonisumbua zaidi ni jambo jingine. Katika wiki hizo tatu hakuna mama hata mmoja aliyesimama kidogo akaviangalia vitambaa. Tulikuwa na kipande cha kitenge chekundu chenye samaki, kizuri kuliko vyote gunia zima. Tulikikatakata, samaki wakapoteza vichwa, kwa kuwa karatasi ilisema sentimita 15.

Tangu wakati huo nimejifunza njia mbili za kupanga blanketi bila mchoro wowote. Zote mbili zimebuniwa na wanawake maskini waliokuwa na nguo kuukuu na watoto wanaosikia baridi. Njia moja inaanzia katikati, nyingine inaanzia pembeni. Mahali unapoanzia ndipo panapoamua mambo mengi yatakayofuata.

Kwa wale ambao hawajawahi kushona blanketi la namna hii: kwa kawaida lina tabaka tatu. Juu kuna uso, yaani viraka vilivyoungwa pamoja. Katikati kuna kitu cha kutia joto, kama vile pamba au blanketi lililochakaa. Chini kuna kitambaa kimoja kipana, kwa mfano shuka kuukuu. Kisha tabaka zote tatu hushikanishwa kwa mishono ya mkono inayopita kutoka juu hadi chini. Makala hii inahusu zaidi ule uso wa juu.

Kutoka katikati kwenda nje

Katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, kuna mahali ambapo mto Alabama unapinda na kuizunguka nchi kavu pande tatu. Mahali hapo panaitwa Gee's Bend, ingawa jina lake rasmi sasa ni Boykin. Wakazi wake ni wajukuu na vitukuu vya Waafrika waliofanywa watumwa katika shamba kubwa la pamba. Mwaka 1845 shamba hilo lilinunuliwa na mtu aliyeitwa Mark Pettway, na hadi leo familia nyingi za hapo zina jina hilo la Pettway, hata zisizo na undugu.

Utumwa ulipokwisha watu walibaki kulima pamba katika mashamba ya wengine, wakiishi kwa mkopo. Mwaka 1932 mjane wa mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alidai deni lake, na familia zipatazo 60 zikanyang'anywa chakula, mifugo na zana za kulimia. Nyumba zilikuwa za mbao zenye nyufa, na usiku wa majira ya baridi upepo ulipita ndani. Mablanketi yalikuwa ya lazima, na kitambaa kilichokuwepo kilikuwa ni nguo za kazi zilizochakaa na magunia.

Mwaka 1942 mama mmoja wa hapo, Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mumewe. Alizichukua nguo za kazi za marehemu, akazichana, na kwa msaada wa binti yake Arlonzia akazishona ziwe blanketi la kujifunikia na kumkumbuka. Rangi zake ni zile za nguo za mkulima: buluu iliyopauka, kijivu, weupe uliochakaa. Mistari haikunyooka, maana miguu ya suruali haikukatwa ili iwe miraba.

Angalia suruali kuukuu ya jinzi utaona somo lenyewe. Pale mfuko uliposhonwa, kitambaa cha chini hakikupigwa na jua. Ukiubandua mfuko unaona mraba wa buluu nzito katikati ya buluu iliyopauka. Wanawake wa Gee's Bend waliiacha miraba hiyo ionekane. Kitambaa chenyewe kilikuwa kimeshachora.

Mtindo wao mmoja maarufu unaitwa Housetop, maana yake paa la nyumba. Unashonwa hivi. Chagua kipande kimoja cha katikati, hata kikiwa kidogo kama kiganja. Shona ukanda wa kitambaa upande wake mmoja, kisha kata ziada inayojitokeza. Geuza kazi yako robo mzunguko. Shona ukanda wa pili, nao ufunike upande wa kile kipande pamoja na ncha ya ukanda wa kwanza. Geuza tena, ongeza wa tatu, kisha wa nne, nawe umerudi ulipoanzia ukiwa na mraba mkubwa zaidi. Endelea kuzunguka hivyo mpaka blanketi litoshe kitanda.

Tazama faida yake kwa mtu kama mimi aliyeshindwa hesabu. Kila ukanda unapimwa juu ya kazi yenyewe, si kwa rula, kwa hiyo mshono unakula unachokula na hakuna anayepata hasara. Ukanda ukiwa mfupi, unaunga viwili. Upande mmoja ukianza kupinda, unaweza kuweka ukanda mpana upande wa pili ili kuunyoosha, au ukauacha upinde zaidi kama umependezwa nao. Kitambaa kikiisha kabla ya blanketi kukamilika, unaingiza kingine, na mara nyingi pale kilipoishia ndipo panapovutia jicho.

Wanawake wa Gee's Bend wana msemo wao kwa kazi isiyofuata mtindo wa mtu mwingine: husema wameshona kwa njia yao wenyewe. Hiyo haina maana kwamba walishona ovyo. Wasichana walijifunza kwa kukaa karibu na mama na nyanya zao, wakiona nini kinawekwa na nini kinaondolewa.

Kutoka pembeni kwenda katikati

Njia ya pili inatoka India, lakini kwa watu ambao asili yao ni upande wetu wa Bahari ya Hindi. Katika misitu na vilima vya jimbo la Karnataka wanaishi Wasiddi, wazao wa Waafrika. Wengi wa wazee wao walichukuliwa kutoka Afrika Mashariki na Wareno, wakauzwa huko Goa kuanzia karne ya 16, na baadaye wengine wakakimbilia bara. Leo wako miongoni mwao Wahindu, Waislamu na Wakristo Wakatoliki. Lugha za Afrika zimepotea kwao, lakini wanawake wao wana kazi ya mikono inayojulikana kwa jina la kawandi.

Kawandi haianzi na uso. Inaanza na kitambaa cha chini, ambacho mara nyingi ni sari kuukuu, kinachotandazwa sakafuni. Mshonaji huanza kwenye kona moja. Anaweka kiraka, anakunja ukingo wake ndani ili usichomoze nyuzi, na kukishona kwa bandi, ile mishono mifupi ya mkono inayopanda na kushuka. Kiraka kinachofuata kinapanda kidogo juu ya kile cha kwanza. Hivyo anaifuata pembezoni mwa kitambaa pande zote nne, kisha anaanza mzunguko wa pili kwa ndani, na wa tatu, mpaka afike katikati. Uso unaungwa na kushikanishwa na kitambaa cha chini kwa mshono uleule mmoja. Kazi ikiisha, blanketi zima lina mistari ya uzi inayozunguka kama mawimbi ya maji yaliyotupiwa jiwe.

Kwenye kona nne za nje huwekwa vitambaa vidogo vilivyokunjwa pembetatu, viitwavyo phula, yaani ua. Hazina kazi yoyote ya kutia joto, lakini Wasiddi husema kawandi isiyo na phula iko uchi. Baadhi huongeza alama ya imani yao, kama vile msalaba au mwezi mwandamo.

Ukilinganisha njia hizi mbili utaona tofauti kubwa. Kwa ile ya Alabama, katikati panajulikana tangu dakika ya kwanza, na kisichojulikana ni wapi utaishia. Unaweza kusimama kwenye blanketi la mtoto au ukaendelea mpaka kitanda cha watu wawili. Kwa ile ya Karnataka ukubwa umeamuliwa na sari, na kisichojulikana ni nini kitakuwa katikati. Kwa maoni yangu vikundi visivyo na cherehani vianze na kawandi. Inahitaji sindano tu, na watu wanne wanaweza kukaa pande nne za mkeka mmoja wakashona wote kwa pamoja. Shida yake ni kwamba kukosea kwenye mzunguko wa kwanza hukuoni mpaka uwe umefika mbali, na kufumua bandi za mduara mzima ni adhabu.

Kujaribu kwenyewe

Kuunga vitambaa si jambo geni kwetu. Wazee wa pwani husimulia kwamba kanga ilianza pale wanawake walipokuwa wakinunua leso za Kireno zikiwa hazijakatwa, wakazikata vipande vya leso tatu tatu na kuviunganisha kuwa nguo moja pana. Hakuna aliyewapa mchoro. Walijaribu, wakajifunga, wakajitazama.

Hivyo, kabla ya kushona, panga. Tandaza mkeka mahali penye mwanga, weka vipande vyako bila kuvifunga kwa pini, kisha simama urudi nyuma hatua tano. Fumba macho nusu. Rangi zitafifia na utabaki ukiona giza na mwanga tu, na hilo ndilo linaloubeba uso wa blanketi kuliko rangi zenyewe. Mwenye simu yenye kamera apige picha isiyo ya rangi. Inaonyesha jambo hilohilo. Vitenge vitano vyenye maua makubwa vikikaa pamoja vinapigiana kelele. Weka kati yao kitambaa kisicho na maua, na hapa mabaki ya sare za shule ni hazina: buluu, kijani, kaki, na ile rangi ya damu ya mzee. Mafundi wengi huyatupa.

Badilisha kipande kimoja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua ni kipi kilicholeta nafuu. Kama una mahali pa kuyaacha yalale usiku kucha, yaache. Jicho la asubuhi halina huruma. (Funga kuku kwanza.)

Jaribio jingine ni la maji. Fua vitambaa vyote kabla ya kukata. Pamba hurudi ikifuliwa, tetroni hairudi, na vikishonwa pamoja bila kufuliwa, uso utajikunja kama jani kavu baada ya dobi wa kwanza. Kanga nyekundu na nyeusi ziloweke pamoja na kitambaa cheupe kwa muda wa saa moja; cheupe kikigeuka rangi, loweka tena mpaka maji yawe safi. Vitambaa vinavyovutika, kama vya fulana, viweke kando mpaka mkono uzoee. Jinzi na hariri nyepesi zisikae jirani, maana nzito itaichana nyepesi.

Nimeona pia viongozi wa vikundi wakiwafumulisha wenzao kazi kwa sababu "haijanyooka". Ni vizuri tukubaliane mapema kosa ni nini. Mshono unaoachia ukivutwa ni kosa, na ufumuliwe. Ukingo unaochomoza nyuzi ni kosa. Kitambaa kilichooza kikatumika kwa kuwa rangi yake ni nzuri, hilo nalo ni kosa, na ni gumu kulisema kwa sababu kila mtu anakipenda. Lakini ukanda uliolala upande si kosa kama aliyeushona amesimama, akauangalia, akaamua uwe hivyo. Muulize kwanza.

Mnunuzi anapotaka yote yafanane

Hapa ndipo vikundi vingi hupata mtihani. Wanawake wa Alabama waliupata kabla yetu.

Mwaka 1965 kasisi wa Kianglikana, Francis X. Walter, alipokuwa akipita katika wilaya ya Wilcox aliona mablanketi ya viraka yameanikwa kwenye kamba nje ya nyumba. Ulikuwa wakati wa kudai haki ya kupiga kura, na Weusi waliojiandikisha walikuwa wakifukuzwa kazini na kwenye nyumba walizopangishwa. Kivuko cha kuvuka mto kwenda mjini Camden, mahali pa kujiandikishia, kilikuwa kimeondolewa mwaka 1962. Hakikurudishwa mpaka 2006. Walter alianza kununua mablanketi kwa dola 10 kila moja na kuyapeleka New York yakauzwe kwa mnada. Mwaka 1966 wanawake wakaanzisha ushirika wao, Freedom Quilting Bee. Kwa mapato yake walinunua ardhi, wakajenga jengo la kushonea, na viwanja vingine vikauziwa familia zilizofukuzwa.

Maduka makubwa yalikuja na oda, na oda zilikuja na masharti: vipimo sawa, rangi zilizochaguliwa na mnunuzi, kila kimoja kifanane na mwenzake. Mwaka 1972 kampuni ya Sears iliagiza foronya za kodrai. Ilikuwa kazi ya kiwanda, haikuwa na nafasi ya mtu kushona kwa njia yake. Lakini ilileta mshahara mahali ambapo mshahara ulikuwa haba, na siwezi kumlaumu mama aliyeipokea kwa furaha.

Jambo lililonigusa ni mabaki. Vipande vya kodrai vilivyobaki sakafuni, vya rangi ya dhahabu, kijani, kahawia na nyekundu, wanawake walivibeba nyumbani. Kule, baada ya saa za kazi, walivishona mablanketi yao wenyewe kwa njia zao. Mablanketi ya kodrai ya miaka hiyo ni miongoni mwa yale yaliyofanya watu wasimame na kushangaa katika maonyesho ya Gee's Bend yaliyofunguliwa kwenye jumba la sanaa la Houston mwaka 2002, kisha yakaenda New York. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha za mablanketi ya kijiji hicho. Foronya za oda sijui kama kuna anayezikumbuka. Ushirika wenyewe ulifungwa mwaka 2012, na sasa baadhi ya wanawake huuza kazi zao kwa intaneti, kila blanketi likiwa na jina la aliyelishona.

Kwa hiyo kikundi chenu kikipata oda ya mito 20 inayofanana, ipokeeni, na mpige hesabu ya saa za kazi kabla ya kutaja bei, si baada. Hapo mchoro na vipimo vinahitajika, pamoja na ile sentimita moja kila upande. Ila msiache siku moja ya wiki kwa kazi isiyo ya oda, na mkubaliane kwamba mabaki ya oda ni mali ya washonaji. Mkiuza blanketi la aina yake pekee, lisiuzwe kwa bei ya mto. Shoneni jina la mshonaji kwenye kona ya nyuma.

Sisi wenyewe sasa tuna mablanketi mawili mikononi. La kwanza linatoka katikati, limeanza na kile kichwa kimoja cha samaki kilichosalimika, na limefika mzunguko wa saba. La pili ni la mtindo wa kawandi, juu ya shuka kuukuu. Limebakiza tundu katikati, kubwa kama sahani. Mama mmoja anataka pawe na kaki ya sare, mwingine amekuja na kipande cha kanga aliyofungishwa siku ya harusi yake na hataki kusikia habari za kaki. Vyote viwili tumevipanga kwa zamu na kurudi nyuma hatua tano. Alhamisi tutaangalia tena.